Medali ya Asahara ilikuwa bahati? Jibu kwa mkimbiaji mwenye miaka 31

SWALI: "Kocha, salaam. Nina umri wa miaka 31, ni mkimbiaji wa mita 100 na mtu wa mwisho katika kikosi cha kupokezana vijiti cha chombo kimoja cha ulinzi. Muda wangu bora ni sekunde 10.58, nilioupata miaka minne iliyopita. Mwaka jana niliumia kifundo cha mguu, sikupigwa picha, nikapumzika kidogo nikarudi uwanjani, na mpaka leo kinauma nikikimbia kona. Wenzangu wanasema nistaafu. Mimi nawatajia Mjapani Nobuharu Asahara, aliyepata medali ya kupokezana vijiti katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 akiwa na miaka 36 na hajawahi kukimbia chini ya sekunde 10. Kambini wapo wanaosema medali ile ilikuwa bahati kwa sababu Wamarekani waliangusha kijiti. Wengine wanasema siri ni mtindo wao wa kupokea kijiti kwa chini, na kwamba tukiuiga na sisi tutafika. Ukweli ni upi, na mimi niendelee au niache?"

JIBU: Ndugu yangu, umeuliza mambo matatu: kama ile ilikuwa bahati, kama mtindo wa kupokea kijiti unatosha, na kama umri wako bado unaruhusu. La nne umelipitisha katika nusu sentensi kana kwamba si swali, nalo ni kifundo chako cha mguu. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, na nitalifikia. Lakini kwanza inabidi tuiangalie safari ya Asahara tangu mwanzo, kwa sababu wenzako kambini wanaisoma kuanzia ukurasa wa mwisho, na wewe pia, kwa sababu zako mwenyewe, umefanya vivyo hivyo.

Asahara alizaliwa mwaka 1972 katika mji wa Kobe. Alipokuwa mdogo alicheza mpira wa mikono, na alipoingia sekondari ya juu akahamia riadha, lakini si kama mkimbiaji. Alikuwa mrukaji wa kuruka mbali, tena bingwa wa shule za sekondari za Japani. Katika maisha yake aliruka mita 8.13, umbali ambao hadi leo ungempa heshima katika mashindano mengi ya bara letu. Naligusia hili kwa sababu mrukaji mzuri hufundishwa mapema kutua kwa mguu mgumu usiobonyea na kuondoka ardhini haraka, na hicho ndicho mkimbiaji wa mita 100 anachokihitaji akishafika mwendo wake wa juu. Mwaka 1993, angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Doshisha, alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.19 na kuweka rekodi ya taifa. Akaishusha hadi 10.14 mwaka 1996, mwaka ambao pia alifika nusu fainali ya mita 100 katika Olimpiki ya Atlanta, na mwaka 1997 akaifikisha 10.08. Rekodi hiyo ilichukuliwa na Koji Ito, aliyekimbia sekunde 10.00 kwenye Michezo ya Asia mjini Bangkok, Desemba 1998. Asahara hakuipata tena, ingawa mwaka 2001 huko Oslo alikimbia 10.02, muda wake bora wa maisha, akiwa na miaka 29. Kwa hiyo anayesema kwamba alibebwa na kijiti amekosea tangu hapa: huyu alikuwa miongoni mwa watu wawili wenye kasi zaidi katika historia ya nchi yake kabla hata kikosi hicho hakijajulikana duniani.

Jambo la pili ambalo halisemwi kambini ni mshahara. Baada ya chuo Asahara aliajiriwa na kampuni ya Osaka Gas, na alibaki nayo muda wote aliokuwa akikimbia. Huo ndio utaratibu wa Japani ambao makampuni humwajiri mwanariadha kama mfanyakazi na kumpa nafasi ya mazoezi. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanaufahamu bila kujua, kwa maana ndio uliomlea Douglas Wakiihuri, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 1987, na ndio uliompokea Samuel Wanjiru alipomaliza shule huko Sendai. Wanjiru alishinda marathoni ya Beijing tarehe 24 Agosti 2008, siku mbili tu baada ya fainali ile ya vijiti tunayoizungumzia. Huku kwetu kazi hiyo hufanywa na majeshi, polisi na magereza. Juma Ikangaa, mkimbiaji wa marathoni, alikuwa askari wa JWTZ, yaani jeshi la Tanzania, wakati akishindana na Wajapani kwenye barabara zao wenyewe. Kwa hiyo wewe na Asahara mnafanana kwa hili, ila jiulize jambo moja kwa ukweli: je, mwajiri wako anaweza kukuvumilia mwaka mzima bila matokeo? Asahara aliweza kwenda Ujerumani na baadaye Marekani kujifunza kwa makocha wa huko, na alipopata ufa wa kifundo cha mguu mwaka 1999, kazi yake iliendelea kuwepo. Mtu anayeogopa kuondolewa kikosini akikosa mashindano mawili hufanya ulichofanya wewe: hurudi kabla ya kupona.

Sasa tuje kwenye bahati. Asahara alikuwa mkimbiaji wa nne wa Japani katika fainali za Olimpiki za Sydney mwaka 2000, walikomaliza wa sita, na Athens mwaka 2004, walikomaliza wa nne. Mwaka 2007 mashindano ya dunia yalifanyika Osaka, nyumbani kwao. Asahara, aliyekuwa na miaka 35 na ambaye alikuwa amepumzika mashindano kwa muda, alifika nusu fainali ya mita 100, na katika vijiti kikosi chao kilikimbia sekunde 38.03, rekodi ya Asia wakati huo. Wakamaliza wa tano. Marekani, Jamaika, Uingereza na Brazili zote zilikuwa mbele yao, na Brazili iliwazidi kwa sekunde 0.04 tu.

Mwaka uliofuata, Beijing, raundi ya kwanza iliwaondoa wakubwa kadhaa kwa usiku mmoja. Darvis Patton na Tyson Gay wa Marekani walishindwa kupeana kijiti kikadondoka, Uingereza ikaondolewa kwa kosa la kupokezana, na Nigeria nayo haikumaliza. Katika fainali, tarehe 22 Agosti, Naoki Tsukahara alianza, akampa Shingo Suetsugu, naye akampa Shinji Takahira, na Takahira akamfikishia Asahara. Jamaika, ikiwa na Usain Bolt katika nafasi ya tatu, ilikimbia 37.10, Trinidad na Tobago 38.06, Japani 38.15, Brazili 38.24. Itazame vizuri hesabu hii. Wajapani walikuwa wa tano kwa 38.03, kisha wakapata medali kwa 38.15, yaani walikimbia polepole zaidi kuliko walipokosa medali. Sitaficha kwamba bahati ilikuwepo. Ingekuwa uongo kusema haikuwepo. Lakini ule muda wa Osaka ungetosha kuishinda Trinidad usiku ule wa Beijing, jambo linaloonyesha kwamba kikosi hicho kilikuwa tayari katika daraja hilo kabla Wamarekani hawajaangusha chochote. Isitoshe, kijiti kinachoanguka ni sehemu ya mchezo wenyewe; hakuna anayesema mshindi wa kuruka viunzi alibahatika kwa kuwa mwenzake aligonga kiunzi.

Kwenye mstari wa mwisho tofauti kati ya Asahara na Mbrazili nyuma yake ilikuwa sekunde 0.09. Ukiitazama picha ya video utamwona mzee huyo wa kikosi akivuka mstari, kisha akikirusha kijiti juu kabisa hewani, na wenzake watatu wakimkimbilia. Ilikuwa medali ya kwanza ya Olimpiki kwa wanaume wa Japani katika mbio za uwanjani. Iliandikwa kuwa ya shaba hadi Januari 2017, wakati Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilipoifuta Jamaika baada ya sampuli ya Nesta Carter kupimwa upya na kukutwa na kichangamshi kilichopigwa marufuku. Rufaa yake ilikataliwa mwaka 2018, na Japani ikapanda kuwa na medali ya fedha. Hapa naomba uniruhusu nichomeke neno moja ambalo hukuliuliza: kichangamshi hicho, methilheksaneamini, kimewahi kupatikana ndani ya unga na vidonge vya kuongeza nguvu vinavyouzwa waziwazi madukani. Kama kuna mtu kambini anayewapa vitu vya namna hiyo bila daktari wa timu kuvipitisha, vikatae.

Nije kwenye mtindo wa kupokea kwa chini, ambao nadhani ndio unaowapotosha wenzako zaidi. Ili uuelewe, anza na hesabu ambayo kocha yeyote anaweza kuifanya kwenye daftari. Jumlisha muda bora wa mita 100 wa kila mmoja wa wakimbiaji wanne wa Japani: Tsukahara 10.09, Suetsugu 10.03, Takahira 10.20, Asahara 10.02. Jumla ni 40.34. Walipokimbia pamoja Osaka walitumia 38.03, yaani wamepunguza sekunde 2.31. Sehemu kubwa ya punguzo hilo haihusiani na ustadi wowote wa pekee: kati ya wanne, ni mmoja tu anayeanza akiwa amesimama, watatu hupokea kijiti wakiwa tayari katika mwendo, na kuanza kutoka kwenye kusimama humgharimu mkimbiaji karibu sekunde nzima. Kila timu duniani hupata faida hiyo. Ustadi unaonekana katika kiasi gani cha faida hiyo kinapotea pale kijiti kinapobadilisha mikono.

Kinapotea vipi? Katika mtindo uliozoeleka, mpokeaji hunyoosha mkono nyuma juu, kiganja kikitazama nyuma, na mtoaji hunyoosha wa kwake mbele. Mikono miwili iliyonyooka inawatenganisha kwa mita moja na zaidi, na umbali huo hakuna aliyeukimbia. Kijiti kimeruka bure. Hiyo ndiyo faida yake kubwa. Hasara yake ni kwamba mtu anayekimbia huku mkono mmoja umening'inia nyuma amevunja mwendo wake wa kawaida, hivyo akilazimika kuushikilia hapo kwa hatua tatu au nne, kasi hupungua. Katika mtindo wa chini, ambao Japani ilianza kuutumia mwaka 2001, mkono wa mpokeaji hubaki karibu na nyonga na kijiti huingizwa kutoka chini kwenda juu. Mwendo hauvunjiki sana na kijiti hakiyumbi, lakini wakimbiaji hulazimika kukaribiana, na ile mita ya bure hupungua. Wajapani wenyewe waliiona kasoro hiyo, ndiyo maana miaka ya baadaye waliurekebisha mtindo kwa kuunyoosha mkono zaidi ya zamani. Kwa hiyo huu si mtindo bora kuliko mwingine. Ni kubadilishana faida moja kwa nyingine, na uamuzi huo una maana kwa watu wanaofanya mazoezi pamoja mara nyingi.

Jambo ambalo kweli waliwazidi wengine ni alama. Mpokeaji hubandika utepe kwenye njia yake, nyayo kadhaa kabla ya mahali anaposimama, na mtoaji akiukanyaga tu, mpokeaji huondoka kwa nguvu zote bila kugeuka nyuma. Timu nyingi zetu hubandika utepe huo kisha haziuamini: mpokeaji husubiri kidogo ili awe salama, au huondoka kwa nusu nguvu, na mtoaji humfikia akiwa bado hajashika kasi. Kijiti kinafika salama na sekunde zimekwenda. Kikosi kinachouamini utepe huupima upya kila mazoezi, kwa nyayo, kulingana na upepo na hali ya miguu siku hiyo. Na hata hivyo hakuna uhakika: Japani ilishinda fedha Rio mwaka 2016 kwa 37.60 bila mkimbiaji hata mmoja aliyekuwa ameshuka chini ya sekunde 10, lakini Tokyo mwaka 2021, katika fainali ya nyumbani, Shuhei Tada hakumfikia Ryota Yamagata na mbio zao zikaishia mita mia ya kwanza. Yamagata alikuwa na 9.95 wakati huo. Walikuwa na kasi kuliko kizazi cha Asahara, na walitoka mikono mitupu.

Fanya hesabu hiyo kwa kikosi chako. Tuseme wewe una 10.58 na wenzako watatu wana 10.70, 10.70 na 10.80, jumla ni 42.78. Mkipunguza sekunde 2.31 kama Wajapani wa Osaka, mtakimbia 40.47. Huo ni muda mzuri kwa mashindano ya majeshi, lakini hauko karibu na 38. Ustadi wa kijiti hukamilisha kasi, hauiumbi. Hata hivyo, kama leo hii mnapunguza sekunde moja na nusu tu, basi kuna sekunde karibu nzima imelala uwanjani ikiwasubiri, na mnaweza kuiokota kwa utepe na mazoezi bila mtu yeyote kuongeza kasi. Eneo la kupokezana sasa ni mita 30 moja kwa moja, tofauti na enzi za Asahara ambapo lilikuwa mita 20 na mita 10 za kuanzia mwendo kabla yake, kwa hiyo msinakili vipimo vya zamani.

Kuhusu umri, nitakuambia bila kukuzungusha. Asahara wa Beijing hakuwa Asahara wa Oslo. Katika mita 100 za Beijing hakufika hata nusu fainali. Kilichomweka kikosini ni kwamba alikuwa ameikimbia nafasi ya nne, ya kumalizia, kwa miaka mingi, na kwamba mtu anayepokea kijiti akiwa mwendoni huathirika kidogo na kile ambacho umri hukiondoa mapema, yaani mlipuko wa kuanza. Wapo wachache wanaokwenda mbali zaidi. Kim Collins wa Saint Kitts na Nevis alikimbia 9.93 mwaka 2016 akiwa na miaka 40. Lakini hao ni watu waliokuwa katika daraja la juu la dunia kwa muda mrefu na wakateremka taratibu. Wewe ulifika 10.58 ukiwa na miaka 27. Sioni njia ya wewe kwenda mashindano ya kimataifa peke yako, na ningekudanganya nikisema vingine. Naiona njia ya wewe kuendelea kuwa mtu wa mwisho katika kikosi chako kwa misimu miwili au hata mitatu, ikiwa mguu utapona, kwa masharti kwamba siku za mazoezi makali zisizidi mbili au tatu kwa wiki na kwamba upumzike kweli kati yake. Njia nyingine, ambayo si ya aibu, ni kuanza sasa kuwafundisha vijana kupokezana vijiti huku ukikimbia. Asahara mwenyewe alistaafu Septemba 2008, mwezi mmoja baada ya medali, na mwaka 2010 akaanzisha klabu ya riadha ya NOBY huko Osaka.

Yote hayo yanategemea kifundo chako, na hapa ndipo ninapokataa kukupa ruhusa ya kuendelea kwa maandishi. Kuteguka kwa kawaida hupungua wiki hadi wiki. Maumivu yanayokaa mwaka mzima na kurudi kila unapokimbia kona yanaweza kuwa ya mshipa au ukano usiopona, lakini yanaweza pia kuwa ufa wa mfupa uliochoka. Mfupa hujijenga upya kila unapobeba mzigo. Mzigo ukizidi kasi ya kujijenga, ufa mdogo hutokea, na ukiendelea kuukimbilia unaweza kugeuka kuvunjika kamili. Kwenye kona mwili hulala upande, hivyo mifupa ya kifundo hubebeshwa mzigo wa pembeni ambao hukutani nao kwenye mstari ulionyooka. Ndiyo maana unaweza kujihisi mzima kwa mita 60 na kuumia kwenye mzunguko. Bonyeza mfupa kwa kidole kimoja: kama kuna sehemu ndogo inayouma waziwazi, kama unaamka usiku kwa maumivu, kama uvimbe hurudi baada ya mazoezi, au kama huwezi kurukaruka kwa mguu huo mmoja bila kujikunja uso, acha kukimbia leo hii. Usikubali sindano ya kutuliza maumivu ili ukimbie mashindano, kwa sababu maumivu ndiyo pekee yanayokuzuia kuumaliza mfupa huo.

Nenda hospitali yenye daktari wa mifupa, umweleze kwamba wewe ni mkimbiaji wa mbio fupi na kwamba kona ndiyo inayoumiza, maana bila kusema hivyo utapewa dawa za kupaka na kurudishwa nyumbani. Ufahamu kwamba picha ya eksirei inaweza isionyeshe ufa wa namna hii. Kama picha ni safi na maumivu yapo palepale, uliza kuhusu kipimo cha MRI, na ukiulize chombo chako kama kitakusaidia gharama. Mazoezi yasiyoubebesha mguu uzito, kama kuogelea au kukimbia ndani ya maji, yanaweza kukutunza wakati huo, lakini yaanze baada ya daktari kukuona. Ukishapata majibu, niandikie yalivyo, pamoja na muda wa kikosi chenu wa msimu uliopita na muda wa kila mkimbiaji wa mita 100, ndipo tutakapopanga kama kurudi kwako kuanze kwenye nafasi ya nne au kwenye ile ya pili, ambazo zote mbili hukimbiwa zaidi kwenye mstari ulionyooka.